Makofi ya Ngome ya Golkonda

Kaka Ghouse,

Salamu za Hyderabad zikufikie huko Maskati. Mama ameshona pazia jipya la kijani, baya kweli. Akikutumia picha, lisifu.

Ngomeni watalii ni wengi. Bado napiga makofi langoni, Baba anajibu kutoka kileleni, nao wanashangaa sauti ilivyopanda mlima. Ila siku hizi situlii. Juzi nilimwita Baba weee, hakugeuka. "Nilikuwa nawaza," akasema.

Jana nikasimama langoni na kundi langu la watalii, mikono nimeificha mgongoni. Sikupiga. Makofi ya Baba yakashuka vilevile. Ameona tu tumesimama, akadhani nimepiga.

"Dada, huyo mzee anawajibu majini?" mgeni mmoja akatania. Nikacheka naye, nikaanza kupanda ngazi.

Usimpigie simu, Kaka. Njoo.

Mdogo wako,
Shaheda