Jiko la Chuma la Mama

Jumatatu, 2 Juni
Stoo, zamu ya asubuhi, Freezone. Nimehesabu maboksi mpaka macho yanauma. Nje joto la kuchemsha ubongo. Mchana nimempigia Mama, Njombe. Anatetemeka, nasikia meno yakigongana. Anasema meko ya ukutani inakula kuni tu, joto lote linapanda na moshi. Nimeamua. Namnunulia jiko la chuma, lile la kupachika ndani ya meko, lenye mlango wa kioo. Wenzangu wa chumbani, huku mtaa wa Karama, wamecheka hadi machozi. Jiko la kuota moto, Dubai, mwezi wa sita!

Alhamisi, 5 Juni
Sina zamu. Nimekwenda Deira, kwenye duka linalouza majiko kwa wenye majumba ya milimani. Muuzaji ni Mzee Seif, asili yake Unguja, kazaliwa huku huku. Nikamwonyesha jiko kubwa kuliko yote. Hakulitazama.

"Chumba kina ukubwa gani, mwanangu? Na dohani ya kutolea moshi mushaikagua?"

Sikujua. Anasema jiko kubwa kwenye chumba kidogo huwashwa nusunusu, masizi yanaganda kwenye dohani kama lami, siku moja yanashika moto. Aibu. Nilidhani nanunua kitu kama sufuria. Nimemwomba kaka Obedi atafute fundi apande juu.

Jumapili, 8 Juni
Fundi katoboa dari karibu na dohani. Matofali yamepasuka. Mbao za kenchi ya paa zilizogusana na dohani zimeungua. Nyeusi tii. Obedi aligusa moja kwa kidole, ikamomonyoka. Mama kaota moto chini ya mbao hizo miaka yote. Na mimi, wiki mbili zilizopita, nilimwambia aongeze kuni.

Nikampigia hapo hapo. "Mama, usiwashe tena. Hata kidogo."

"Sasa nife na baridi?"

Nikamwambia avae masweta mawili. Nikakata simu, nikijiona nimemwokoa.

Jumatano, 11 Juni
Siamini. Siamini.

Asubuhi Obedi kapita kwa Mama. Kagonga, kimya. Kavunja mlango. Mama kitandani, hajitambui. Jiko la mkaa sakafuni. Madirisha yamefungwa, matambara kila penye upenyo. Yuko hospitali, kwenye oksijeni.

Mimi ndiye niliyemkataza meko. Sikuuliza ataota nini.

Nimekaa juu ya boksi. Msimamizi ananihimiza, yalla, yalla.

Alhamisi, 12 Juni
Kafungua macho saa nne. Hajui leo ni siku gani. Kamwita Obedi kwa jina la marehemu baba. Nimelia chooni kazini. Nina hasira na nafsi yangu, na yeye, na baridi ya kwetu.

Ijumaa, 20 Juni
Mama yuko kwa Obedi. Kichwa bado kinamuuma, ila ameshaanza kugombana na mkwewe juu ya chumvi. Nimecheka kwa mara ya kwanza.

Nimerudi kwa Mzee Seif na vipimo vyote kwenye karatasi. Nikamsimulia yaliyotokea. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia.

"Hewa ile haina harufu, mwanangu. Ndio ubaya wake. Mtu analala tu."

Tumechagua jiko dogo. Pamoja nalo bomba la stenlesi, lipite ndani ya dohani mpaka juu ya paa. Na king'ora kidogo cha ukutani kinacholia hewa ikiwa na sumu. Nikasema hicho tutanunua baadaye. Akakunja uso. "Bila hiki sikuuzii. Khalas." Nikakilipia. Fundi atabadilisha kenchi kwanza, ndipo jiko lifungwe. Mama harudi nyumbani kwake mpaka Obedi akague kwa macho yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Jiko limewashwa leo. Kuni za miwati, zilizokauka vizuri. Sikuweza kula mpaka Obedi alipopiga simu ya video.

Moto mdogo nyuma ya kioo. Chumbani hakuna moshi, king'ora ukutani hakilii. Mama kwenye kiti, amesinzia, mdomo wazi kidogo. Khanga imemtoka begani, hasikii baridi.

"Nimwamshe?" Obedi kaniuliza.

Nikasema hapana. Tumemtazama tu, kila mmoja kwake, mpaka chaji yangu ikaisha.