Niliiambia mashine, bosi akasikia

Shoga, leo nimeaibika, sijui nifiche wapi uso wangu!

Fundi ametuwekea mashine za kupokea simu pale kazini, tunapofulia nguo za watu. Swali jepesi linajibiwa na mashine ya bei rahisi, zito linapelekwa kwa ile ya gharama, na skrini inaonyesha ipi imejibu na kwa nini. Bosi hakuamini. Akaniambia, "Ingia stoo upige, uliza tu tunafungua saa ngapi."

Nikapiga. Sauti ikasema, "Karibu dada, nikusaidie nini?" Upole ule, shoga! Swali la saa nikalisahau. Nikaropoka yote: nataka kumaliza shule ya msingi, masomo ni jioni, na bosi namwogopa kumwomba ruhusa.

Natoka stoo, kumbe wote wamenisikia. Spika ilikuwa wazi. Spika, shoga!! Skrini imeandika: "Imehamishiwa mashine ya gharama. Sababu: mpigaji analia."

Fundi anachekelea, "Si mmeona? Inafanya kazi!"

Bosi akanisogelea. "Haya, kuanzia Jumatatu utatoka saa kumi uende masomoni. Ila siku nyingine njoo kwangu, mwanangu. Mimi nasikiliza bure."