Nilioa kwa Simu, Joho Akavaa Kakangu

Mpendwa Bi Mwatumu, shikamoo, naomba unisaidie maana nyumba yangu inavunjika nami nimekaa naitazama. Mimi mtu wa Mombasa, naishi Adelphi huku Marekani, kazi yangu kuegesha magari ya watu gerejini, na nilipomwoa Mahfudha karatasi zangu zilikuwa hazijatoka, ningesafiri nisingerudi, basi kakangu Abdulghafur akanikalia uwakili msikitini, akavaa joho la marehemu baba, akashikana mkono na baba mkwe kwa niaba yangu, mimi nikasikiliza kwa simu kibandani mpaka kadi ya simu ikaisha kabla ya dua, na huku mwenye gari ananipigia honi anataka funguo zake.

Sasa Mahfudha amekuja, tena kaja na picha ya siku ile, kubwa, ya fremu, kaitundika juu ya kochi, na kila mgeni anauliza huyu ndiye bwana harusi, naye anacheka anasema huyo wakili, bwana harusi alikuwa kwenye simu, wageni wanacheka, nami nacheka, lakini moyo unaniuma, mimi sikusindikizwa, sikupigiwa hata kigelegele kimoja, na juzi nikaitoa ile picha nikaificha nyuma ya kabati, Mahfudha akaiona akalia, akasema kama naionea haya harusi yake nimwambie, na Ijumaa anakwenda kwa shangaziye Columbia, mji wa jirani, na hasemi atarudi lini. Nampenda mke wangu. Nimwambie tufunge harusi upya, au nitaonekana mtoto?

Jawad, Adelphi

Jawad mwanangu, marahaba. Pole, na si pole ya mdomoni. Kuoa huku unapigiwa honi ni jambo la kuliza, na ungelilia siku ile yasingelikufika haya. Lakini kuficha picha ya mwenzio bila neno, hapo umekosa. Yeye kaona unaificha harusi yake, kidonda chako hakukiona. Atakionaje, na wewe unacheka pamoja na wageni?

Sasa nikuulize. Ulipompokea eapoti, kesho yake ulikuwa wapi? Hukuandika, lakini nawajua nyinyi. Ulikuwa gerejini.

Zamani kwetu joho lilikuwa la saa chache tu, na wengine waliliazima. Mtu alihesabika bwana harusi kwa fungate: siku saba yumo ndani na mkewe, haendi kazini, haendi barazani, jamaa wanamletea chakula, wawili wapate kuzoeana. Hilo kakako hakukufanyia, wala hawezi. Unalia hukuwa bwana harusi, na Mahfudha je? Kapanda ndege kuja kwa mume, kakuta chumba na televisheni. Naye bwana harusi hajamwona bado.

Harusi upya ya nini? Nikaha yenu ni sahihi. Omba likizo ya wiki nzima, wakikunyima mshahara chukua hivyo hivyo. Mwambie mkeo yote uliyoniandikia, na la honi pia, kisha umwombe radhi. Picha irudishe ukutani kwa mkono wako. Halafu mpigie shangazi wa Columbia wewe mwenyewe, mwambie Ijumaa asimngoje mtu. Apike biriani ailete yeye, agonge, aiache mlangoni, aende zake. Mwambie ndani mna maarusi.