Magimbi ya Bondeni

Kijiji cha Kinole,
Morogoro.
14 Juni 1992

Mpendwa Mama Mkubwa Josephina,

Shikamoo. Hujambo huko Tabora? Baba Mkubwa naye hajambo, na vumbi la kiangazi halijaanza kuwakohoza? Sisi tunaamka. Bibi anaamka kwa shida kidogo kwa ajili ya magoti, lakini anaamka. Mdogo wangu Raphael ameng'oka meno mawili ya mbele na anayaonyesha kwa kila apitaye. Mimi niko darasa la saba, mtihani ni Septemba, na jiko bado ni langu tangu mama alipotutoka.

Mjomba Gervas ndiye aliyeniagiza nikuandikie, kwa kuwa yeye kalamu humchosha kuliko jembe. Nitafika kwenye agizo lake. Kwanza niruhusu nizungumze habari za chungu, maana ukiacha vitabu, hizo ndizo ninazozijua.

Umeondoka miaka mingi, lakini nadhani unakumbuka kwamba jikoni kwetu kalenda ya ukutani haina kazi. Ukiona kila mtoto ana madoa ya njano kifuani, ni Desemba, maembe yameiva. Mvua zikianza kuna majani ya kunde na ya maboga, na uyoga kwa mwenye macho. Sasa hivi ni machungwa na machenza, hata mbuzi wamechoka maganda.

Machi na Aprili ndiyo miezi isiyo na kitu. Mahindi ya vuli yamekwisha, ya masika bado ni majani. Hapo ndipo tulipokuwa tukishuka bondeni kwenye magimbi.

Bibi alinifundisha hivi: ukichimba gimbi, kata kichwa pamoja na bua lake, ukirudishe topeni siku ile ile, hata kama mvua inakupiga mgongoni. Hakubali uende jikoni kabla hujarudisha. Ndiyo maana bonde lile limelisha watu tangu enzi za mama yake bila kununuliwa mbegu hata siku moja.

Gimbi nalo lina tabia zake, halipendi kuharakishwa. Mwaka juzi nilipika nikiwa na kitabu mkononi, nikaliepua mapema, nyumba nzima tukashinda tunajikuna koo. Bibi akasema, "Mpishi wetu kaivisha kitabu, gimbi kaliacha bichi."

Agosti iliyopita akaja Maneno, mnunuzi wa kabichi kutoka Dar es Salaam. Alikwisha kununua ndizi zetu zikiwa changa, sasa akalitaka bonde. Alisimama uani na viatu vyake safi, akasema, "Bibi, dunia imefunguliwa! Kila mtu anauza apendacho. Wewe bado unakula magimbi kama nguruwe pori?"

"Nguruwe pori ana akili," Bibi akamjibu. "Hajamkodisha mtu bonde lake."

Mjomba alicheka, ila alikuwa amekwisha kukubali moyoni. Lakini bonde ni la upande wa kike, na Bibi alikataa kutamka neno, kwa hiyo ikabidi neno litoke kwako, binti yake mkubwa. Ukaandika. Barua yako niliisoma mimi mbele yao wote: "Mwacheni alime. Magimbi ni chakula cha dhiki. Siku hizi unga umejaa madukani, ninyi mnaogopa nini?"

Niliisoma vizuri, Mama Mkubwa, nikipumzika kwenye kila mkato kama mwalimu anavyotaka. Bibi akaniuliza, "Ndivyo alivyoandika?" Nikasema, "Ndivyo." Sikuongeza neno. Unajua mbele ya watu wazima ulimi hunikauka.

Vibarua walikuja wakang'oa magimbi yote, wakayarundika, na yalipokauka wakayachoma, vichwa na mabua yake.

Masika haya barabara ilikatika. Kwa wiki tano hakuna gari lililopanda kutoka mjini. Duka la hapa kijijini liliishiwa unga wiki ya pili. Ndizi zetu zilikwisha kwenda Kariakoo. Na bondeni kabichi zilikuwa zimefunga, nzuri, zinang'aa kwa mvua, na Mjomba akizilinda kwa fimbo. "Mali ya watu hiyo," alisema. "Tumeandikiana."

Siku moja mchana Bibi alichukua kisu akateremka mwenyewe, na magoti yake yale. Mimi nilimfuata na kikapu. Akakata kabichi ya kwanza mbele ya Mjomba.

"Mama, utanitia aibu!"

"Aibu ya nani? Ya mwizi, au ya mwenye njaa shambani kwake?"

Mjomba akageuka akatazama mlima.

Basi tulikula kabichi. Kabichi asubuhi, kabichi jioni, siku tisa, kwa chumvi tu, kwa sababu mafuta nayo yalikuwa yamekwisha. Ningekuwa mtu wa kuandika vitabu vya mapishi ningekupa njia zote nilizojaribu: ya kukatakata, ya kuponda, ya kuchemsha nzima. Zote zina ladha ya maji. Siku ya tano Raphael aliuliza, "Dada, hii ni mboga ya kulia nini?"

Tumbo la Bibi halikuvumilia. Alilala siku nne, na alipoinuka kanga yake ilimzunguka mara mbili. Mpaka leo hajarudi alivyokuwa. Kabichi zilizobaki zikaoza, harufu ikapanda mpaka kanisani.

Sasa agizo la Mjomba. Maneno amerudi, anataka bonde kwa miaka mitatu mingine, na Mjomba anaomba neno lako. Nimeliandika kama alivyolitamka.

Langu ni hili: nakuomba ukatae. Mwajuma, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, ana magimbi yaliyotokana na vichwa alivyopewa na Bibi alipokuja hapa akiwa bi arusi. Amesema tukachukue mbegu kiasi tutakachoweza kubeba. Yakiingia topeni kabla ya Agosti, Machi tutachimba. Barua yako ikichelewa, au ikisema ndiyo, Machi sijui nitabandika nini jikoni, wala sijui kama Bibi ataweza masika mengine kama haya.

Sikulaumu kwa kusahau, Tabora ni mbali. Nakulaumu kwa kuwa hukuuliza. Ungeuliza tu, "Na Machi mtakula nini?" Mtoto hasemi hivi kwa mamaye, najua, na unisamehe adabu niliyoivuka. Lakini nikiandika "tunakushukuru," kama Mjomba alivyotaka, nitakuwa nimesema uongo.

Amesema barua isifungwe mpaka nimsomee. Nilifikiri niandike mbili, moja ya kusoma na moja ya kutuma. Nimeandika hii moja. Yuko uani na Bibi, wametoka kanisani, wanakunywa chai. Sasa natoka kuwasomea, yote, tangu shikamoo.

Msalimie sana Baba Mkubwa na dada Irene. Bibi anakusalimu na kukuuliza kama unalala vizuri. Raphael naye anakusalimu kwa pengo lake. Salamu za Mjomba nitaziongeza hapa chini akishasikia, kama bado atakuwa nazo. Mungu awape afya, na akujalie kuandika upesi.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata nikiwa na uchungu,
Upendo