Tai Niliyemrusha Jumamosi

Alder Landing,
Jumapili, 21 Januari

Kaka Norbert mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi uliyoikimbia. Hujambo? Goti linasemaje? Na wifi Corinne, bado anamwagilia maua mwezi wa Januari huku akitucheka? Sisi huku wazima, ukiacha mafua ya kawaida na masikio yangu ambayo tangu jana hayajapata joto. Nimejifunga blanketi hapa jikoni nikuandikie. Kaka, jana nimemrusha tai!

Ngoja nikueleze vizuri. Sikukuu ya Tai mwaka huu imefurika watu sijapata kuona. Mto umeganda kuanzia daraja la reli mpaka visiwani, pamebaki wazi pale chini ya bwawa tu, kwa hiyo tai wote wamebanana hapo kugombea samaki. Kabla ya saa nne asubuhi wanaowahesabu tai walikuwa wamefika mia mbili na kumi na nne. Magari yalijaa tuta zima, na kina mama wa kanisani waliuza supu ya kuku mpaka masufuria yakakwanguliwa. Kipaza sauti alikuwa nacho Merle kinyozi, na unamjua Merle akipewa kipaza sauti. Tai mmoja alimwachia kinyesi juu ya kofia meya mstaafu anayetaka kugombea tena, basi Merle akatangazia mji mzima kwamba kura ya kwanza imeshapigwa.

Sasa huyu tai wangu. Nilimkuta siku tatu baada ya wewe kuondoka mwezi wa Novemba, kule msituni nyuma ya ghala. Alikuwa ameketi kwenye theluji, kichwa kimelegea, mabawa yanaburuta, wala hakujali nilipomsogelea. Nilimfunika koti langu nikamkimbiza kwa Daktari Petra wa kituo cha kutibu ndege. Petra akampima damu, akasema ni sumu ya madini ya risasi, na kwamba wengi wanaofika katika hali ile hawaioni asubuhi. Huyu aliiona. Kwa wiki saba nimekuwa nikimpelekea samaki, naye shukrani yake ni kunikodolea macho kama mwalimu wetu wa hesabu.

Petra alinionya mapema nisijipe matumaini makubwa. Sumu ile huharibu mishipa ya fahamu. Ndani ya banda alikuwa anaruka vizuri, lakini banda si mto, na akishindwa kupaa atarudi kizimbani na hatatoka tena maisha yake yote. Desturi yetu unaijua, aliyemwokota ndiye anayemrusha. Basi wiki nzima nimefanya mazoezi uani na bata mzinga wa kwenye friza, namkumbatia kifuani, nahesabu moja, mbili, tatu, namtupa juu. Jirani Delwin alichungulia uani akaniuliza kama nina uhakika yule ataruka, maana anavyomwona yeye amekonda mno. Nilimjibu aende akale jibini lake.

Saa nane wakaniita. Watu walisogea karibu, hata watoto waliojitengenezea mabawa ya karatasi. Petra akanikabidhi tai, kichwa kimefunikwa, nami nikamshika miguu kwa zile glavu nene. Kaka, ana moyo unaopiga kwa nguvu! Niliusikia kupitia koti. Merle akanguruma kwamba mama wa tai yuko tayari, kisha akaniambia, "Ardis, ukimwangusha huyo, leo supu utaisikia harufu tu!" Watu wakacheka. Mimi hilo jina la mama wa tai lilinichoma, nikatamani ardhi ipasuke nijifiche.

Petra akavuta kitambaa. Nikarusha. Alishuka, Kaka. Alishuka moja kwa moja kuelekea barafu, na nikasikia umati wote ukivuta pumzi. Kisha mabawa yakashika upepo, akagusa barafu kwa kucha, akainuka, akapita juu ya mahema ya wavuvi, akaenda kutua kwenye mti ng'ambo kati ya wenzake! Nilipiga kelele ambazo sijapiga tangu ubatizo wa mwanangu. Petra alilia, Delwin alilia, hata Merle alilia kwenye kipaza sauti, mji mzima ukamsikia.

Hapo ndipo Petra aliponipa kichupa kidogo mbele ya watu, kama zawadi. Ndani mna vipande vitatu vya risasi, vidogo kama chenga za mchele, alivyovitoa tumboni mwa yule tai. Walinipigia makofi. Niliitikia kwa kichwa, nikaenda nyuma ya kibanda cha supu, nikalia peke yangu.

Unamkumbuka kulungu wa asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda. Nilimpiga kwa risasi ya Baba, kama tunavyofanya kila mwaka tangu tumzike: kulungu wa kwanza kwa zile alizozimimina mwenyewe jikoni kwa madini aliyoyayeyusha, baadaye ndiyo tunatumia za dukani. Tulimpasua palepale tukaacha matumbo kwenye theluji, bila kujua yana vipande vya risasi ndani, na wewe ukasema tai watakula karamu. Tai nilimkuta hatua thelathini kutoka pale. Nilijua siku ileile Petra alipopima damu. Nikajitia hamnazo wiki saba, nikala sifa zisizo zangu, kwa sababu sikutaka kusikia jina la Baba likitajwa pamoja na sumu.

Ijumaa kuna chakula cha wawindaji ukumbini. Nitasimama na kichupa hiki niseme yote, na kwamba kuanzia sasa natumia risasi za shaba. Nusu yangu ya risasi za Baba nimeshampa Petra azipeleke zinakotupwa sumu. Nilizishika kwanza moja moja, Kaka. Bado zina alama ya ukucha wake pale chini.

Najua nusu yako unaithamini kuliko saa yake. Sikulazimishi. Lakini wewe ndiye mtu pekee aliyempenda Baba kama mimi, ndiyo maana nimekwambia kabla ya mji kujua. Nijibu kabla ya Ijumaa. Hata ukikasirika, nitasimama.

Mpe wifi Corinne salamu zangu, na wajukuu wote mmojammoja kwa jina. Tunza goti hilo.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na anayeogopa jibu lako,

Ardis