Mpangaji wa Ghorofa ya Saba

Jumapili, 8 Septemba

Vyombo nimeosha. Sketi ya shule nimepiga pasi. Insha ya Historia imekwisha. Sasa niandike jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Alhamisi nilimsomea Mama mkataba, nikaruka mstari mmoja. Sikuuruka kwa bahati mbaya. Niliuona, na niliuelewa kuliko mistari mingine yote.

Mama ananunua nyumba Dubai. Si jengo zima. Chumba kimoja, sebule na jiko, ghorofa ya saba, ya kupangisha. Hajawahi kupanda ndege. Ana makarasha mawili hapa Katoro, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na jioni anarudi na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Anasema mawe yataisha siku moja, na karasha bila mawe ni chuma chakavu. Kodi ya Dubai itanisomesha mpaka chuo kikuu. Nakitaka chuo kikuu kiasi kwamba naona aibu kukitaja.

Mkataba ni wa Kiingereza. Dalali wetu, Kaka Idrisa, ni mtu wa Shinyanga aliyehamia huko, anatuma karatasi kwa simu. Mama aliishia darasa la saba. Msomaji ni mimi. Nilipoanza kusoma alizima redio, akakaa kama yuko kanisani. Akauliza, "Kuna mtu ndani?" Nikasema, "Yupo. Mama mmoja na mtoto wake."

Alipiga makofi. Hapa kwetu nyumba ya kupangisha unaichukua na watu wake, kama ng'ombe na ndama. Mama anaamini nyumba yenye mtu haiingiwi na mchwa.

Mstari nilioruka unasema mpangaji ameshapewa notisi. Ataondoka kabla ya makabidhiano, ili mnunuzi apangishe upya kwa kodi kubwa zaidi.

Jumatatu, 9 Septemba

Jaribio la Baiolojia. Nadhani nimefaulu. Asubuhi nilikunywa uji nikiangalia kikombe.

Jumanne, 10 Septemba

Kaka Idrisa ametuma picha. Mama amezitazama wakati wa chakula, akashangaa jiko halina moshi ukutani. Kisha akanipa simu niitumie kufanya hesabu za shule. Sikufanya hesabu.

Picha ya tatu ina rafu ya vitabu. Nimeivuta iwe kubwa mpaka ikawa ukungu. Sijaweza kusoma jina hata moja. Vitabu vingi, vingine vimelala juu ya vingine, kama vya mtu anayevisoma kweli.

Picha ya tano ina kioo, na ndani ya kioo yupo mwanamke. Amesimama pembeni ili asiingie kwenye picha. Mikono ameikunja tumboni. Mtoto ameshika nguo yake.

Najua anavyosimama. Ndivyo Mama alivyosimama Chato.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeogopa kuliandika hili, lakini naliandika.

Nilikuwa na miaka sita. Tulipanga chumba Chato. Baba alikuwa amekwenda machimbo ya mbali na hakurudi. Mwenye nyumba alitaka chumba chake, Mama akaomba mwezi mmoja. Asubuhi moja alikuja na fundi. Fundi alitoa bisibisi, akafungua bawaba, wakabeba mlango wakaondoka nao. Hakututukana. Mama alitundika khanga pale mlangoni, tukakaa nyuma ya khanga siku tisa. Upepo wa ziwani ukivuma, watu wa nje walikuwa wanatuona tunakula.

Tulipohamia Katoro, Mama alinunua mlango kabla ya kununua kiwanja. Mlango wa mninga, mzito. Ulikaa kwa dada yake karibu miaka miwili, umeegemezwa ukutani, watu wakimcheka. Nyumba yetu ilijengwa kuufuata ule mlango.

Na mimi nimeruka mstari.

Ijumaa, 13 Septemba

Mama anakausha viazi vya mpangaji wake. Amevichemsha, amevikata, amevianika juu ya bati. Matobolwa. Anasema huwezi kuanza kuishi na mtu mikono mitupu.

Mama Neema, anayepanga chumba chetu cha uani na kuuza dagaa wa Nkome, amecheka mpaka amekaa chini. "Mwenye nyumba wangu anakuwa Mwarabu! Na mimi nianikie matobolwa basi, au mpaka nihamie ghorofani?"

"Wewe lipa kwanza umeme wa mwezi uliopita," Mama akamjibu, na yeye anacheka.

Baadaye tulikwenda dukani kwa Mama Zahra kununua mkanda wa karasha. Familia yake ina duka la vipuri tangu babu yake, na yeye husafiri Dubai kuchukua mizigo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Mama akamwomba abebe kifurushi. Mama Zahra akamtazama juu ya miwani. "Mama Kabula, kule mwenye nyumba na mpangaji hawajuani hata sura."

"Basi watatujua sisi," Mama akasema.

Malipo ya kwanza ni Jumatatu. Nilitamani ardhi ya dukani ipasuke.

Jumapili, 15 Septemba

Nimesema. Sikuweza kwa mdomo. Baada ya ibada niliuandika ule mstari kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari. Chini yake nikaandika: Niliuona tangu siku ile. Nikaiweka karatasi juu ya matobolwa, nikaikandamiza kwa jiwe isipeperushwe.

Mama alisoma akiwa amesimama juani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata. Kisha akaenda akasimama mlangoni, mgongo umegusa mbao.

"Kwa nini, Kabula?"

Nikasema nilitaka chuo.

"Umesahau Chato?"

"Sijasahau."

"Basi umefanya ukijua."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akanikalisha mezani, akanifanya nisome mkataba wote, mstari kwa mstari, kurasa kumi na nne, kwa Kiswahili. Nikimaliza mstari anasema, "Endelea." Tulipofika mwisho alisema, "Tena."

Nimelia chooni. Si kwa sababu ameniadhibu. Kwa sababu mara ya pili alikuwa anafunga macho, kama mtu anayejaribu kukariri.

Jumatatu, 16 Septemba

Sikwenda shule kipindi cha kwanza. Mama alimpigia Kaka Idrisa, simu ikiwa sauti ya juu.

"Mama yangu, huyo asikutie wasiwasi. Akitoka tu, kodi inapanda."

"Mwanangu, mimi sinunui nyumba ya kung'oa mlango."

"Dubai hawang'oi milango, mama. Ni karatasi tu."

"Na hiyo karatasi ni nini kama si bisibisi?"

Kaka Idrisa akaeleza kwa upole, na sidhani ni mtu mbaya. Muuzaji anataka kumaliza haraka. Yupo mnunuzi mwingine, mgeni kama sisi, wa nchi nyingine, naye hajali mpangaji. Mama akasema atalipa bei ile ile, ila mama wa watu abaki na kodi yake ya sasa, na iandikwe kwenye mkataba. La sivyo asilete karatasi nyingine. Kaka Idrisa akasema atauliza mpaka mwisho wa wiki.

Mama akakata simu. Akaniambia kwa kodi hiyo ndogo, miaka ya mwisho ya chuo hajui itatoka wapi. Huenda akauza karasha moja. Aliniambia kama anavyomwambia mtu mzima. Nikasema ndiyo. Nilimaanisha ndiyo, lakini njia nzima ya shule nilihesabu miaka hiyo kwa vidole.

Jumatano, 18 Septemba

Kaka Idrisa hajapiga. Mama anaongea nami kuhusu chumvi na maji tu. Matobolwa yamekauka. Hakuna aliyeyaanua.

Nawaza: tukiikosa, mnunuzi mwingine atamtoa. Mlango wetu utakuwa safi na yeye atakuwa nje. Nilidhani kusema ukweli kutanipa usingizi.

Ijumaa, 20 Septemba

Muuzaji amekubali! Yule mnunuzi mwingine alitaka kupunguziwa bei, Mama hakuomba kupunguziwa. Kaka Idrisa ameandika upya kipengele. Nimekisoma mara nne, kwa sauti, na Mama akanishika bega kidogo. Kidogo tu. Nausikia mkono wake mpaka sasa.

Kisha akataka kumwona mpangaji. Kaka Idrisa akatuunganisha kwa simu ya picha. Anaitwa Dilani. Ni mwalimu wa watoto wadogo, ametoka Sri Lanka. Ni yule wa kwenye kioo.

Mimi ambaye sijibu swali darasani nisipolazimishwa, sasa nilikuwa mkalimani. Mama akaanza kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" kwa sababu akifurahi sana Kiswahili humkimbia. Dilani akatabasamu bila kuelewa. Kisha akauliza kwa Kiingereza, kwa adabu, amebakiwa na siku ngapi. Alidhani tumepiga kumharakisha.

Nilimtafsiria Mama. Mama akainamisha kichwa. "Mwambie akae."

Nikamwambia. Akauliza tena, nikamwambia tena. Akageuza simu kutuonyesha sebule. Maboksi. Rafu ilikuwa tupu. Alikuwa ameanza na vitabu.

"Mwambie afungue maboksi," Mama akasema. Halafu: "Mwambie anionyeshe mlango."

Dilani akaielekeza simu mlangoni. Mlango wa kahawia, wa kawaida, viatu vya mtoto chini yake. Mama akasogeza uso kwenye kioo cha simu kama anayenunua sokoni. "Bawaba tatu," akasema. "Sawa."

Jumamosi, 12 Oktoba

Malipo yamekamilika. Hati imetoka. Mama Zahra ameondoka jana na kifurushi cha matobolwa, akinung'unika kwamba forodhani watamuuliza ni dawa gani hii. Mama ameanika mengine, ya Mama Neema.

Leo Mama aliniita niandike ujumbe wa kwanza kwa Dilani. Alisema maneno, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Habari za hapo. Mtoto hajambo? Sisi wazima, mvua iko karibu. Vile viazi uviloweke kabla ya kupika, au utafune hivyo hivyo. Kitu kikiharibika jikoni useme mapema, usinyamaze ukidhani utafukuzwa.

Mwishoni niliongeza mstari wangu mmoja. Nilimuuliza ni vitabu gani amevirudisha kwenye rafu.

Sikuutuma hivyo. Nilimsomea Mama ujumbe wote kwa Kiswahili, tangu salamu, na mstari ule nikausoma kwa sauti ile ile.

"Huo sikuusema mimi," Mama akasema.

"Ni wangu."

"Uache ubaki," akasema.

Nikatuma. Kisha nikatoka kuanua matobolwa, maana tone la kwanza lilikuwa limeshagonga bati.