Breki za Gari la Rimoti

Jumatatu, 2 Juni

Baridi ya Ipogolo, hapa karakana ya malori. Vidole havishiki spana mpaka saa tatu. Chai, chapati mbili, kazi.

Gari namba saba limeshuka kutoka Mbeya na viazi. Chemba ya breki ya trela, nyuma kushoto, inavuja. Dayaframu, mpira wake wa ndani unaozuia upepo, imechanika. Nimeandika kwenye kitabu cha mahitaji. Mara ya tatu naandika kitu kile kile kwa gari lile lile.

Bosi akaniita. Nikadhani ni chemba. Ni mdoli! Kuna rafiki yake wa Mbeya, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, amemshinda kwenye mashindano ya magari ya rimoti. Magari yenye injini kweli, yanayokunywa mafuta. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wanarudiana. Bosi anataka gari lenye mbio kuliko yote, lililofungwa tayari kiwandani, la kutoa kwenye boksi na kuwasha. Mimi nimchagulie. Eti jicho langu la ufundi analiamini.

Ana miaka thelathini na mbili. Amerithi malori kumi na moja na hajawahi kubadilisha tairi.

Nikasema sawa bosi.

Jumatano, 4 Juni

Siku mbili niko kwenye simu naangalia midoli. Mama Gisela ananicheka. Ameuliza kama na sisi tunaagiza. Miaka ishirini na mbili ya ndoa na bado hajui lini sitaki utani.

Jambo linaloniudhi zaidi ni kwamba nimependa. Injini ndogo inaenea kiganjani. Pistoni, kabureta, klachi, gia mbili, ekzosi. Kila kitu kipo. Mafuta yake si petroli, ni ya kopo, yana nitro, na ukiitilia mafuta ya msumeno wa mbao, kama wakata mbao wa Mufindi wanavyodhani, haiwaki. Plagi yake ina waya unaopashwa moto kwanza, halafu unavuta kamba. Nimesoma mpaka macho yameuma.

Kwenye kitabu cha mahitaji hakuna jibu.

Ijumaa, 6 Juni

Nimebakiza matatu.

La kwanza lina mbio kuliko yote lakini liko chini mno, litakwama kwenye nyasi. Hilo ni la lami, na wao wanakimbiza kwenye uwanja wa vumbi. La pili ni zuri, ila vipuri vyake hata Dar hakuna. La tatu linapungua mbio kidogo. Lina magurudumu makubwa, springi ndefu na breki ya diski.

Bosi alitaka la kwanza. Nikamwambia gari lisilosimama si gari. Akacheka, halafu akanisikiliza. Nikamweleza hewa ya huku juu ni nyepesi, sindano ya kabureta itabidi ikazwe kidogo, kiwanda hakijui Mbeya iko wapi. Akanitazama kama vile ananiona leo, baada ya miaka kumi na tisa.

Akasema mtu wa namna hii ndiye anayemtaka juu ya karakana. Msimamizi wetu alistaafu Aprili na kiti chake kiko kitupu mpaka leo. Kiti hicho nakitaka. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Nakitaka mpaka naona aibu.

La tatu limeagizwa. Limeagizwa siku hiyo hiyo. Chemba ya namba saba naiomba mwezi wa pili sasa.

Jumamosi, 14 Juni

Mdoli umefika jana na basi la Dar. Leo tumeulainisha. Injini mpya haikimbizwi. Unaiacha iungurume taratibu, tangi la kwanza, inapoa, la pili, inapoa, mpaka matano. Ukitaka kuizima unakunja kipaipu cha mafuta kwa vidole. Inakohoa, inanyamaza.

Kwenye tangi la pili bosi akataka kuifungulia. Nikamkatalia. Mbele ya mafundi wote. Nikamwambia ukiiwahisha leo itakufa kabla ya Mbeya. Akarudisha rimoti kama mtoto wa shule. Nilijisikia mkubwa.

Jioni Tuntufye amefika na namba saba. Huyu ndiye dereva wake, Mnyakyusa wa Uyole, Mbeya. Tulianza kazi hapa mwaka ule ule. Kila akirudi Dar ananishushia mtungo wa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, hasahau. Leo pamoja na vitunguu amekuja na mlio wa upepo wa breki. Trela linalia sss toka getini. Tumeusikiliza pamoja.

Jumatatu, 16 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Namba saba lilitakiwa kushuka Dar na tani thelathini za mchele. Nilimpigia bosi. Alikuwa uwanjani Mlandege anafanya mazoezi na mdoli. Nikasema chemba. Akasema mzigo una mwenyewe, mteja anapiga kelele, ziba, gari likirudi tutanunua. Kisha akauliza kwa nini mdoli unatoa moshi mwingi akiongeza mwendo. Nikamweleza. Tulizungumzia moshi muda mrefu kuliko chemba.

Nikaziba. Kila fundi wa barabara hii anajua. Unakunja paipu ya upepo ya tairi lenye chemba mbovu, unaifunga kwa mpira wa tyubu, kaza, funga, kaza. Upepo hauvuji tena. Tairi hilo halina breki, mengine yanabeba. Nimeziba hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu na magari yalikwenda yakarudi.

Tuntufye aliinama akautazama ule mpira.

"Fundi, na Kitonga?"

Nikamwambia mteremko ule ashuke na gia ndogo, asikanyage sana. Akanitazama kidogo.

"Ndaga, fundi," akasema. Ndiyo asante yao.

Kitabu cha getini kinataka sahihi ya fundi kwamba gari ni zima. Nikatia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono.

Jumanne, 17 Juni

Kitonga.

Tuntufye yuko hai.

Jumatano, 18 Juni

Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti.

Wameniambia breki zilizobaki zilishika moto katikati ya mteremko. Mbele yake kulikuwa na foleni, basi la abiria likiwa la mwisho. Akaligeuzia gari mlimani. Aliligonga jabali kwa upande wake mwenyewe. Wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni waliokuwa kwenye foleni ndio waliomchomoa. Mchele ulimwagika hadi bondeni.

Mama Gisela amepika. Vitunguu vya Tuntufye vilikuwa kwenye mboga. Nimesema nina homa.

Ijumaa, 20 Juni

Mkaguzi wa magari amekuja karakana. Bosi alishamwambia dereva alishuka na gia kubwa. Madereva wa siku hizi, alisema. Tuntufye ana miaka kumi na tisa kwenye mteremko ule!

Nikapewa karatasi niandike maelezo. Bosi alisimama mlangoni akichezea funguo za stoo. Hakunitisha. Angenitisha labda ningekasirika.

Nikaandika: breki zilikaguliwa kabla ya safari. Ni kweli, nilizikagua. Sikuandika nilichokuta wala nilichofanya. Trela limeungua upande ule wote, na mpira wa tyubu ni kitu cha kwanza kuungua.

Kosa likiwa la dereva, leseni inakwenda, na fidia ya mguu inakwenda nayo. Najua hilo. Nilijua kalamu ikiwa mkononi.

Jumapili, 22 Juni

Misa. Sikupokea komunyo. Mama Gisela ameona, hajauliza.

Nimekaa nikiwaza kitu kimoja tu. Kwa mdoli nilimkatalia bosi mbele ya watu. Kwa gari la tani thelathini nikasema ndiyo.

Jumamosi, 28 Juni

Mbeya. Bosi alinitaka niende, nani mwingine atakaza kabureta.

Uwanja wa vumbi, miavuli, nyama choma, watu wazima wenye rimoti wakipiga kelele kama wako mpirani. Nimekaza sindano robo ya mzunguko. Mdoli ukaimba. Kwenye kona zile za mwisho gari la mwenye mashine ya mpunga likapitiliza likapinduka. La kwetu lilishika breki, likakata kona, likaondoka. Tumeshinda.

Bosi alinikumbatia na jasho lake. Akawaambia wote, huyu ndiye aliyelichagua, mimi nilitaka lile la mbio, yeye akasema breki. Wakanipigia makofi.

Kutoka pale mpaka hospitali alikohamishiwa Tuntufye, awe karibu na kwao, si mbali. Sikwenda. Mwoga ni mwoga, hakuna jina jingine.

Jumanne, 1 Julai

Barua imetoka. Msimamizi wa karakana. Funguo za stoo ziko mfukoni mwangu, zinagonga paja kila nikitembea.

Chemba mpya zimefika, boksi zima. Nane. Bosi ameagiza mwenyewe bila kuandikiwa. Anajua basi. Anajua, na mimi najua, na tunasalimiana vizuri kila asubuhi.

Mafundi wameninunulia soda. Nimeinywa.

Alhamisi, 10 Julai

Bosi amechoka na mdoli. Akishinda kitu anakichoka. Sasa ni pikipiki kubwa.

Akaniita. Anasema amemfikiria Tuntufye, yuko nyumbani Uyole, amekaa tu, hana la kufanya. Nimpelekee mdoli. Apate na yeye kitu cha kuendesha.

Nilimtazama nione kama ni kejeli. Hapana. Aliona ni wema. Uso ulikuwa umelainika kabisa. Nilitamani kumpiga na lile boksi.

Nikalibeba.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda na basi la alfajiri, boksi mapajani mpaka Uyole.

Mke wake, Atupele, alinipokea vizuri, ndiyo mbaya zaidi. Kamwene shemeji, alisema, akijitahidi kunisalimia kwa Kihehe changu. Akanipa kiti. Tuntufye alikuwa uani juani, suruali imekunjwa na kufungwa pini. Amekonda. Pembeni yake barua ya kampuni, imekunjuliwa, imewekewa jiwe isipeperuke. Uzembe wa dereva.

Nilisema bosi amekutumia. Akatazama boksi, akacheka kicheko kifupi cha puani, akanyoosha mikono. Dereva ni dereva. Aligeuza lile gari juu chini, akazungusha magurudumu, akanusa ekzosi, akauliza hiki nini na hiki nini. Nikamweleza. Kwa dakika kadhaa tulikuwa kama zamani.

Nikaliwasha. Akaanza na mwendo wa pole, akalipeleka mpaka kwenye migomba. Kisha akaligeuza, akaliachia. Lilikuja linapiga kelele moja kwa moja kuelekea miguu yangu. Nilirudi nyuma na kiti. Akabana breki. Likaburuza vumbi likasimama mbele ya kiatu changu, umbali wa kidole kimoja.

Akalirudisha. Akaliachia tena. Likasimama pale pale. Mara ya tatu sikurudi nyuma.

"Hili mmelifungia breki," akasema.

Hakupandisha sauti. Nikainama nikakunja kipaipu cha mafuta, injini ikakohoa, ikanyamaza. Nilipoinua kichwa alikuwa anatazama vidole vyangu, bado vimebana kile kipaipu.

"Niliuona ule mpira, fundi. Nikapanda. Na mimi nimo," akasema. "Lakini kwenye karatasi niko peke yangu."

Atupele akaleta ugali na maharage. Tulikula sahani moja.

Jumapili, 13 Julai

Mchana kutwa nyumbani. Hakuna mtu.

Nimeandika maelezo upya. Mstari wa kwanza: mimi ndiye niliyekunja paipu. Wa pili: nilijua anashuka Kitonga. Sikumtaja bosi mpaka wa tano, ingawa mkono ulitaka kumweka wa kwanza. Nimetia sahihi ile ile niliyotia getini.

Jioni Mama Gisela amerudi, amesoma. Mara ya mwisho kusoma kitu nilichoandika ilikuwa barua za uchumba. Akauliza kama nitafungwa. Nikasema sijui. Akauliza na kazi. Nikasema hiyo naijua.

Akachukua koti langu la kazini, akatoa funguo za stoo, akaziweka mezani. Karatasi akaitia kwenye mfuko ule ule, akafunga kifungo.

Kesho mkaguzi anafika ofisini saa mbili. Nitatembea, si mbali.